Watani wa Mto Matanzas

Tangu nirudi, kila anayepita kwangu hapa Newala ananiuliza habari za Marekani kabla hajakaa. Wengi mnataka kujua kama niliona theluji. Sikuiona. Nilikwenda Florida, kusini kabisa mwa nchi ile, ambako Septemba ina joto la kukaa na upepeo mkononi. Wengine mmeuliza kama mjukuu wangu Neema anafanana na sisi. Anafanana. Paji la uso ni la marehemu mume wangu, hilo halina ubishi. Mama Shaibu peke yake, jirani yangu wa mlango wa pili, ndiye aliyeuliza lile lililonipeleka huko: "Yule mzee, mwishowe walimlaza wapi?"

Swali hilo halijibiki kwa kusimama mlangoni na ndoo kichwani. Nilikusanya habari za redio miaka mingi kabla ya kustaafu, na kazi ile ilinizoesha kuanza mwanzo.

Mwanzo ni simu ya Faraja, binti yangu. Mnamjua: muuguzi, ameolewa kule na kijana anayeitwa Danieli, na wanaishi nyumba moja na baba yake Danieli, Mzee Filipo, mgane mwenye moyo mgonjwa. Faraja aliniambia nije nimwone mtoto. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Mama, njoo unisaidie. Baba anakufa na hana pa kuzikwa."

Nilidhani ni shida ya ardhi. Haikuwa ardhi. Mke wake Mzee Filipo, Dolores, alizikwa katika makaburi ya ukoo wao, Wakatoliki wenye asili ya Kihispania, na nafasi ya mume iliachwa pembeni yake. Lakini Mzee Filipo ni Mprotestanti, wa ukoo unaojihesabu kuwa ni wa Wafaransa wa zamani sana. Siku ya mazishi alikataa kuingia kanisani, akabaki amesimama mlangoni mpaka misa ikaisha. Kaka wa marehemu, Mzee Ramoni, akamwambia mbele za watu kwamba hatalala katika ardhi ile. Mzee Filipo akajibu kuwa hata yeye hataki. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na sasa Danieli, kwa kukosa njia, alikuwa anafikiria kumchoma baba yake na kumwaga majivu mtoni.

"Watamchoma, Mama," alisema Faraja. Alikuwa amemwogesha na kumlisha mzee yule mwaka mzima.

Newala hadi Masasi

Niliondoka katikati ya ukame. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: foleni ya ndoo kisimani, na mimi nikaoga kwa nusu ndoo, nikamwachia Mama Shaibu iliyobaki. Gari liliteremka ukingo wa uwanda wetu taratibu, vumbi likiingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Abiria walizungumzia korosho tu, za nani zimeanza kudondoka na za nani zimepigwa na ukungu.

Masasi nilipokelewa stendi na Komba. Kwa wasiomjua, Komba ni Mngoni wa Songea aliyekuja Masasi akiendesha malori, akakaa, na sasa ana banda la kuziba matairi chini ya ule mlima wa mawe. Mimi ni Mmakua wa Lupaso. Babu zake ndio waliokuja na mikuki wakachoma Masasi, na bibi yake mama yangu akakimbilia huku juu Newala na mtoto mgongoni. Kwa sababu hiyo Komba ni mtani wangu, na mtu akifa kwetu, yeye hufika kabla ya ndugu.

"Mama Faraja," akasema kwa sauti ya kusikiwa na stendi nzima, "begi zito hivyo, umewabebea Wazungu panya wa kukaanga?"

Nikamwambia nimewabebea habari zake, ili wakimwona wafunge milango na kuficha kiberiti. Abiria wakacheka. Akanipakulia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, kwenye mfuko, bado ya moto, chumvi kwenye karatasi pembeni, akanibebea begi mpaka kwenye basi la Dar es Salaam. Basi lilipoanza kuunguruma akaegemea dirisha, akauliza jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule: "Huko uendako, watani wao ni akina nani?"

Nikamwambia nitauliza.

Masasi hadi Dar es Salaam

Tulipita Ndanda, tukapita Lindi, na kabla ya kufika Nangurukuru springi ya nyuma ikakatika. Dereva akashuka, akatazama, akapanda tena kuzima redio. Kwa kitendo kile tukajua kuwa tutakaa.

Tulikaa mpaka jua likapinda. Konda alikwenda kutafuta springi kwa bodaboda, na sisi tukatandika khanga kando ya barabara. Shehe mmoja kutoka Nachingwea alikuwa na jogoo kwenye kikapu, zawadi ya mkwewe. Njaa ilipozidi, akamchinja. Mama wawili waliovaa vitenge vya kwaya wakamnyonyoa, mwenye nyumba ya jirani akatoa sufuria, na ming'oko yangu ikawa ndiyo chakula cha kumsindikiza. Hakuna aliyejadili lolote. Kwetu Mwislamu ndiye anayeshika kisu ili wote wale, na jambo hilo limezoeleka hata hatulioni. Nililiona mimi baadaye, nikiwa mbali, nikikumbuka shehe yule akigawa mapaja kwa wanakwaya, na yeye akibaki na shingo.

Angani, na kiwanja nilichokaa bila kupanga

Kuhusu ndege sina la kusimulia, nililala. Tuliteremshwa katika kiwanja kikubwa cha Marekani nibadilishe ndege, na hapo nikakwama, maana dhoruba ilikuwa baharini karibu na Florida na ndege zote za huko zilifutwa. Watu walilala sakafuni wakikumbatia mikoba. Chakula kilikuwa mkate baridi wenye nyama baridi, na maji yenye barafu ya kuuma meno.

Jirani yangu wa kiti alikuwa bibi wa Pwetoriko, nywele nyeupe zimefungwa kitambaa. Kihispania chake sikukijua, na Kiingereza changu cha redio yeye hakukijua. Nikampa korosho. Akala, akatabasamu, akachukua kalamu na kuchora pembeni ya gazeti: bibo, na korosho yake ikining'inia chini, sawasawa kama linavyoonekana mtini. Nilishtuka. Nilifikiri mimi ndiye ningemfundisha. Kijana mmoja akatutafsiria. Bibi alisema mkorosho ni mti wa kwao, wa nchi zile za Marekani, na kwamba Wareno ndio walioubeba kwenye merikebu zao wakaupeleka ng'ambo. Muhogo nao vilevile.

Mimi nimekua kwa muhogo na nimesomeshwa kwa korosho. Nilikaa pale nikifikiri kwamba zile falme za Ulaya zilizogombania nchi ya bibi yule ndizo zilizotupa chakula cha asubuhi, bila kutukusudia. Bibi alinimegea ndizi ya kuchemsha kutoka kwenye kopo lake. Ilikuwa na chumvi na mafuta, na ndicho chakula cha kwanza kilichonishibisha tangu Nangurukuru.

Nyumbani kwa Mzee Filipo

Nilifika mvua ikinyesha. Jambo la kwanza nililoliona, kabla hata ya mtoto, ni mipira ya maji iliyokuwa inamwagilia majani ya uani huku mvua inanyesha. Nikamuuliza Danieli kama imeharibika. Akasema inajifungua yenyewe. Nikaifikiria foleni ya kisimani kwetu.

Mzee Filipo alikuwa mrefu, amekonda, amevaa kofia ya majani hata ndani ya nyumba. Aliniita Agnes, jina langu tupu, kama vile mimi ni mtoto wa shule. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniita hivyo. Nilimweleza kwamba kwetu mimi ni Mama Faraja. Akalijaribu mara kadhaa, akalifanya neno moja refu, na kuanzia hapo akawa ananiita "Mamafaraja" hata alipotaka tu chumvi.

Asubuhi alikuwa na nguvu kidogo, na asubuhi ndiyo alinisimulia. Karne ya kumi na sita, Wafaransa Waprotestanti walivuka bahari, wakajenga ngome ya miti kwenye mdomo wa mto, kaskazini kidogo ya hapo. Mfalme wa Hispania alihesabu nchi ile yote kuwa yake na dini yake kuwa ndiyo pekee. Akatuma merikebu. Wahispania wakapiga kambi yao kusini, na dhoruba ilipowatupa Wafaransa wengine pwani na merikebu zao kuvunjika, wao walipita vinamasini kwenye mvua hadi ile ngome, wakaua wanaume karibu wote. Wanawake na watoto wakaachwa. Kisha wakawakuta wale wa dhoruba ufukweni, wana njaa, wamejisalimisha. Wakawavusha mto mafungu mafungu, mikono imefungwa nyuma. Waliosema ni Wakatoliki wakawekwa kando, na mafundi wachache, na wapiga ngoma na filimbi. Wengine wakauawa nyuma ya vilima vya mchanga. Mto ukabaki na jina la Matanzas, maana yake machinjo.

"Wapiga ngoma waliachwa?" nikauliza.

"Waliwahitaji," akasema.

Miaka michache baadaye Wafaransa walikuja kulipiza, wakawanyonga Wahispania kwenye ngome ileile. Inasimuliwa kwamba kila upande uliacha maandishi juu ya maiti: Wahispania wakieleza kwamba hawakuua Wafaransa bali waliua wapotofu wa dini, na Wafaransa wakijibu kuwa hawakuua Wahispania bali waliua wauaji. Mzee Filipo alisimulia haya kama mtu anayesimulia msiba wa juzi. Alimwahidi baba yake kwamba hatalala kamwe kati ya watu wale. Kisha, akiwa kijana, akampenda binti wao, akamwoa, na kila mwaka wakawa wanakwenda pamoja mtoni kuwakumbuka waliokufa, Dolores akiwa na maua.

Nikamuuliza nchi ilikuwa ya nani kabla. Akasema kulikuwa na watu, wengi, Watimukua. Wafaransa waliwatumia dhidi ya Wahispania, Wahispania dhidi ya Wafaransa. Magonjwa na vita vikawamaliza, na leo hakuna anayejua kwa hakika ni nani mjukuu wao. Wao ndio waliowapokea wageni wote wawili. Msiba wa watu ambao hakuna hata mtani aliyebaki kuwachimbia kaburi, sikuwahi kuusikia.

Mtoni

Siku ya kumbukumbu ilikuja wiki ileile. Dhoruba ilikuwa imepita, anga limeoshwa. Tulikuwa wachache: Danieli amembeba Neema, Faraja, mimi, binamu wawili wa Mzee Filipo, na mzee mwenyewe kwenye kiti cha kukunja kilichowekwa juu ya nyasi. Mto ni mpana, maji ya kijani, ndege warefu wamesimama kwenye matope. Hapana kinachoonyesha kuwa palikuwa na jambo.

Mmoja wa binamu alianza kusoma zaburi. Wakati huo nikamwona mzee mwingine, mfupi, shati jeupe limepigwa pasi, amesimama mbali karibu na magari. Mkononi alikuwa na maua. Nikamuuliza Faraja kwa sauti ya chini.

"Ndiye Ramoni," akaninong'oneza. "Kila mwaka anakuja anasimama palepale. Zamani alikuwa anakuja pamoja na Baba na dada yake. Anaacha maua watu wakishaondoka."

Hapa nawaomba mnielewe, maana ninyi mtanielewa, wao hawakuweza. Niliunganisha mambo upesi kama tunavyofanya sote. Mtu ambaye babu zake waliua babu za mwenye msiba. Dada yake aliolewa na mwenye msiba. Anafika kila mwaka bila kualikwa, anasimama kando, anasubiri. Kwetu mtu huyo ana jina na ana kazi. Nikakumbuka swali la Komba dirishani, nikafurahi kwamba jibu nimelipata. Nikaona aibu hata, kwamba mtani amefika na hakuna aliyemwendea.

Nikamwendea. Nikamshika mkono, naye kwa mshangao akanifuata kama mtoto, mpaka mbele ya kiti cha Mzee Filipo. Nikasema kwa Kiingereza changu, kwa sauti ya kazi yangu ya zamani:

"Baba, hawa ni wafu wako. Ninyi ndio mliowaua, ninyi ndio mnaowazika. Mbona unasimama mbali na kazi yako?"

Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nasubiri anijibu kwa tusi zuri, amwambie Filipo kiti hicho ni cha babu yake, watu wacheke, maua yashuke mtoni.

Zaburi ilikatika. Binamu aliyekuwa anasoma alifunga kitabu juu ya kidole chake. Uso wa Mzee Ramoni ulibadilika rangi, akautoa mkono wake mkononi mwangu polepole, kwa adabu. Akaweka maua chini hapohapo kwenye nyasi, akageuka, akaenda garini.

Mzee Filipo alijaribu kuinuka kwenye kiti, akashindwa. Akaniambia, "Hukuwa na haki." Kisha akaiinamisha kofia usoni.

Nimezungumza mbele ya mawaziri na sijawahi kukosa pa kuweka mikono. Siku ile nilikosa. Njia nzima ya kurudi Faraja alinishika goti, na Neema alilia peke yake kwa niaba yetu sote.

Baraza ya Mzee Ramoni

Siku mbili mzee alikula chumbani. Faraja alieleza utani kwa Danieli, Danieli akaeleza kwa baba yake kupitia mlangoni, na maelezo yale yalipofika upande wa pili nadhani yalikuwa yamebaki mifupa. Nilifungasha begi, ingawa safari yangu ilikuwa bado.

Asubuhi ya tatu alitoka na kofia yake, akakaa mezani.

"Mamafaraja," akasema, "huyo mtu wako. Danieli anasema alilala ndani ya kaburi la mumeo."

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza Komba ni nani, na babu zake walifanya nini Masasi, na bibi yake mama yangu alivyokimbia. Nikamweleza siku tuliyomzika baba yake Faraja. Komba alifika alfajiri na jembe, akachimba na wenzake, na jeneza lilipoletwa tukamkuta amelala ndani, amekunja mikono, anasema kaburi ni zuri, lina ubaridi, yeye hatoki, marehemu atafutiwe lingine. Alivaa koti la mume wangu na kutembea kama alivyokuwa anatembea, na mguu ule mbovu. Wanangu walikuwa hawajaweza kulia wala kula tangu jana yake. Walicheka, kisha wakalia, kisha wakala. Tulimpa kuku, ndipo akatoka.

"Na akaomba msamaha lini?" akauliza. "Wa babu zake."

Nilifikiri. Lupaso ukoo wetu una Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki, kutegemea babu yupi alijenga karibu na nani wageni walipofika, na misibani tumesikia mahubiri ya kila aina kuhusu msamaha. Lakini kutoka kwa Komba sikumbuki neno hilo.

"Hakuomba," nikasema. "Alichimba."

Mzee Filipo alicheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi, Faraja akaja mbio na maji. Alipotulia akamwambia Danieli alete gari.

Nyumba ya Mzee Ramoni ni ndogo, ina baraza ya mbao na kiti kimoja cha kukunja. Tulimshusha Mzee Filipo, tukampandisha ngazi. Mlango ulifunguliwa kabla ya kugonga, alikuwa ametuona. Walitazamana. Mimi nilikuwa nyuma, nimeamua kwamba safari hii sifungui mdomo.

"Nina kiti kimoja tu," akasema Mzee Ramoni.

Mzee Filipo akakikalia. "Ninyi siku zote mnapiga kambi kwenye mahali pa mtu mmoja," akasema, "halafu mnasema pamejaa."

Mzee Ramoni aliangalia kofia ile, akaangalia viatu, akaangalia mkono ulioshika bega la Faraja.

"Na ninyi," akasema, "siku zote mnafika bila kualikwa."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini aliingia ndani akatoka na kreti tupu ya machungwa, akaikalia kando yake. Sisi tukarudi garini. Walichozungumza baada ya hapo sikukisikia, na nisichokisikia siandiki. Naweza kuandika nilichokiona kupitia kioo: Mzee Ramoni akionyesha kwa kidole kitu fulani mbali, Mzee Filipo akikataa kwa kichwa, kisha wote wawili wakibishana kwa mikono kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Kurudi: Masasi hadi Newala

Niliondoka Mzee Filipo akiwa hai. Alinipa mkono, akasema "Shikamoo, Mamafaraja," ambayo Faraja alimfundisha vibaya kwa makusudi, maana mzee yule umri alinizidi mbali. Nikaitikia marahaba, nikaondoka nayo kama zawadi isiyo yangu.

Basi la kurudi halikuharibika, hivyo sina la kuwasimulia kati ya Dar es Salaam na Masasi, isipokuwa kwamba mvua za kwanza zilikuwa zimegusa Lindi na magunia ya korosho yalifunikwa maturubai kando ya barabara yote. Nilipoyaona mabibo yaliyooza chini ya miti, nilimkumbuka bibi wa Pwetoriko na kalamu yake.

Komba alikuwa stendi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema Wazungu wamenirudisha kwa kuwa nimewamalizia chakula. Nikamwambia walinirudisha baada ya kuwaonyesha picha yake. Tukaenda bandani kwake kunywa chai, na nikamsimulia kosa langu la mtoni. Nilitegemea atacheka mpaka aanguke kwenye matairi. Hakucheka.

"Ulimshika mkono mtani wa watu," akasema. "Mtani hashikwi mkono. Anaachwa aje mwenyewe."

Nikiwa bado na kikombe, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya Faraja, ndefu, amelia na amemaliza. Nikaiweka wazi ili Komba naye asikie.

Mzee Filipo alifariki usiku wa siku ile niliyoruka. Hakuchomwa. Mzee Ramoni ndiye aliyekwenda mwenyewe makaburini kumwonyesha msimamizi mahali, pembeni ya dada yake, na akasimama pale mpaka wachimbaji walipomaliza. Mchungaji alisoma upande mmoja, padri upande mwingine, hilo walikubaliana. Lakini jeneza lilipotolewa garini, watu walikuta njia imezibwa. Mzee Ramoni alikuwa ameleta kile kiti chake cha kukunja, amekifungua katikati ya njia, kati ya gari na kaburi, amekaa, mguu juu ya mguu.

Danieli alimwendea akadhani amezidiwa. Mzee akamwambia hajazidiwa. Jeneza halipiti. Mfaransa huyu amekuja tena bila kualikwa, na safari hii anataka kukaa moja kwa moja. Hapiti mpaka atoe kofia.

"Mama," ilisema sauti ya Faraja, "watu waliganda. Binamu wale walitaka kuita walinzi. Mimi ndiye niliyeelewa peke yangu. Nilikwenda garini nikaichukua kofia ya Baba, nikampelekea kwa mikono miwili. Akaivaa. Ni kubwa kwake, ilimfunika masikio. Danieli alipoona masikio yamefunikwa akaanza kucheka, na alipocheka akalia, tangu usiku ule alikuwa hajalia. Ndipo Mzee Ramoni akakunja kiti, akasogea, akaweka bega lake chini ya jeneza."

Ujumbe ukaisha. Nje mvua ilianza kudondoka kwenye mabati ya banda, na wenye bodaboda wakakimbilia kwetu.

Komba aliinua kikombe, akakuta kimebaki machicha, akakiweka.

"Kofia tu?" akasema. "Mwambie Faraja amwambie mwenzangu huyo. Mwakani kule mtoni asikubali pungufu ya kuku."

Nikapanda gari la Newala. Juu, nilipofika, watu wote walikuwa nje na ndoo, masufuria na mabeseni chini ya michirizi ya mabati, na Mama Shaibu alikuwa ametega ya kwake na ya kwangu.